Sauti ya Kukodi ya Twyla Hostetter

Kila mwaka wa uchaguzi, majani ya miti yakianza kugeuka rangi, Twyla Hostetter alikuwa anaingia kabatini. Si utani. Lilikuwa kabati la nguo la chumbani kwake. Yeye na mumewe Royce walikuwa wamehamisha mashati yote, wakazungushia kuta mablanketi mazito ili mwangwi ufe, ndani wakaacha kiti, taa ndogo na maikrofoni. Humo ndimo alimosemea. Maneno yake yakitoka humo yalikwenda kwenye redio za magari, kwenye televisheni za sebuleni, hadi kwenye simu za watu waliojilalia zao wakitazama video za paka, na kote huko yaliwafanya watu waache kutafuna.

Alikuwa na sauti, jamani. Haikuwa nene wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mama aliyekuta sahani ya urithi imevunjwa na hataki kupiga kelele. Anauliza tu, taratibu, ni nani. Wenye biashara ya matangazo ya siasa wanaitafuta sauti ya namna hiyo kwa tochi mchana. Mwanamume akimfokea mgombea redioni, msikilizaji hubadilisha stesheni. Mama akisikitika, msikilizaji hujiuliza yeye mwenyewe kakosea wapi.

Aliyemletea kazi aliitwa Kip Rennard, jamaa wa Columbus, mji mkuu wa jimbo letu la Ohio, mwenye kampuni ya matangazo, mtu wa maneno mengi na viatu vyeupe. Kip hakuwa na chama. Alifanyia kazi chama hiki Jumatatu na kile Jumanne, na Twyla naye hivyohivyo, maana aliona ni kusoma tu, kama anayesoma bei za mbolea. Zaidi ya Royce, hakuna jirani aliyeijua kazi hiyo.

"Dada Twyla," Kip alimwambia siku moja, "pesa zinaninunulia nafasi hewani. Vijana wangu wa takwimu wananiambia nani ana hofu gani, anaendesha gari gani, na saa ngapi anawapeleka watoto shule. Nikitaka niwafikie wanamama wa mtaa mmoja tu wasiolala kwa mawazo, nawafikia hao tu. Lakini moyo wa mtu haufunguki kwa takwimu, dada yangu. Huo unaufungua wewe."

Twyla aliposikia hivyo mwili ulimsisimka. Kutwa nzima alikuwa anapamba keki chumba cha nyuma cha duka la mikate la mji wetu mdogo, Pell Fork, huku ana rangi ya sukari vidoleni. Mtu kama yeye afungue mioyo ya watu? Alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo, akafungua mdomo na kuufunga, akitafuta hicho kitu kinakaa wapi.

Tena ajabu yenyewe ni kwamba Twyla alikuwa na kigugumizi. Si cha kukwama hapa na pale. Kigugumizi cha kumfanya mtu aagize kahawa kwa kidole. Jina lake mwenyewe lilimshinda. Mbele ya karatasi, hata hivyo, alikuwa mtu mwingine kabisa. Mpe maandishi, maneno yanateremka kama maji ya bomba. Mpokonye karatasi, bomba linakauka hapohapo. Madaktari wana maelezo yao. Sisi tunajua tu kwamba ilikuwa hivyo, na kwamba aliyeligundua bomba hilo ni Mwalimu Orrin Gaskill.

Twyla alikuwa na miaka tisa, watoto wenzake wakimwita Cherehani, pale Mwalimu Gaskill alipombakiza darasani baada ya kengele na kumpa kitabu cha bei za mbegu. Hakumpa hadithi wala mashairi. Nyanya, maboga, figili. "Usiniambie kitu," alimwambia. "Nisomee tu. Vuta pumzi, kisha vuta tena kidogo juu yake, halafu soma." Mwaka mzima walisoma mbegu. Siku neno "maboga" lilipotoka zima bila kuchanika, mtoto alishtuka akageuka nyuma kuangalia nani kasema. Na darasani, ole wake mtoto aliyemmalizia Twyla neno. Mwalimu alikuwa akimsimamisha nje kwenye theluji. Watu wazima wa Pell Fork wanaokaa kimya mwenzao anapokwama wamefundishwa hivyo na Gaskill, wakiwa na kaptula.

Basi mwaka mmoja wa uchaguzi Mwalimu, ambaye alikwisha kustaafu na magoti yanamsumbua, akagombea kiti cha bunge la jimbo. Hakuwa na pesa. Mpinzani wake alikuwa nazo, na zaidi ya mpinzani kulikuwa na kikundi kilichojiita Marafiki wa Kesho Imara, ambacho hakuna aliyejua kina marafiki gani wala kesho ya nani. Mwalimu alikuwa na buti, chupa ya kahawa na miguu yake. Aligonga milango. Barabara ya changarawe hii, barabara ya changarawe ile, mbwa wanambwekea, yeye anavua kofia. Na alikuwa anashinda! Watu aliowafundisha walikuwa wamejaa eneo lote la uchaguzi, na akibisha hodi nusu yao bado waliinuka na kusimama wima.

Twyla alikuwa na sheria moja katika kazi yake: hasomi tangazo la mtu wa wilaya yao. Kip aliijua na aliiheshimu. Ila katika biashara ile wana mtindo wa kurekodi mistari isiyo na jina. Badala ya kumlipa msomaji mara sita kwa wagombea sita, anasomeshwa sentensi tupu mara moja, kisha huko ofisini wanaziunga na majina kwa sauti ya mtu mwingine. Karatasi zikafika.

"Hizi za nani?" Royce aliuliza akipita na kikapu cha nguo.

"Ha-ha-hazina jina."

"Sawa, mke wangu. Kitu kisicho na jina hakina mwenyewe." Royce alikuwa fundi wa mashine za kuvunia mahindi, mtu mwema, na falsafa yake kwa kawaida ilikuwa ya namna hiyo.

Twyla akaingia kabatini, akavuta pumzi, akavuta tena kidogo juu yake, akasoma: Alipiga kura kuifunga shule yetu. Watoto wetu wakaamka gizani kusubiri basi. Tulidhani tunamjua. Shule zilikuwa zimefungwa Ohio nzima, maneno hayo yangeweza kumhusu yeyote. Twyla hakuwaza mara mbili. Akatuma, akaenda kuoka mkate wa nyama.

Wiki iliyofuata yeye na Royce walikuwa wameegesha gari kwenye shamba la matofaa, wanangoja maji ya matofaa yakamuliwe, redio inasema yenyewe. Mara sauti ya Twyla ikaanza. Royce akatabasamu akaongeza sauti, maana kila mara aliona fahari. Alipiga kura kuifunga shule yetu. Watoto wetu wakaamka gizani kusubiri basi. Hapo sauti nzito ya mwanamume ikadakia: "Orrin Gaskill." Kisha Twyla tena, polepole, kwa huzuni ya kukata maini: Tulidhani tunamjua.

Royce alizima redio. Gari la mbele yao nalo lilikuwa limefungua stesheni ileile, na waliweza kumwona mwanamke aliyekuwa kwenye usukani akitikisa kichwa kama aliyesikia habari ya msiba.

Ubaya wa tangazo lile ni kwamba halikuwa na uongo. Mwalimu alipokuwa kwenye halmashauri ya shule alipiga kura kufunga shule ya Elm Run, ndiyo. Paa lake lilikuwa linadondoka madarasani, na yeye ndiye aliyeshika ngazi wakati wa kulikagua. Hilo la paa halikuwemo. Paa halimlizi mtu.

Twyla alimpigia Kip. Alijaribu kusema na kila neno likamkaba, na Kip, ambaye hakusoma Pell Fork, alikuwa anammalizia.

"Ki-Kip, li-li-"

"Lile la Gaskill! Najua, dada, najua. Wilaya yako, samahani sana, vijana waliunga bila kuniuliza. Lakini halipo mikononi mwangu tena. Marafiki wa Kesho wamelinunua na wamelipia hewa mpaka siku ya kura. Ila sikiliza nikwambie, dada Twyla, na ninakwambia kama mtu wa kazi: sijawahi kuona kitu kama hiki. Watu wanahama! Mzee alikuwa mbele, tena mbele vizuri, sasa yuko nyuma. Tuliwahoji kwa simu. Unajua wanasema nini? Hawasemi shule. Wanasema, 'Yule mama.' Sauti yako peke yake, dada! Miaka hamsini ya mzee wa watu, na wewe umeigeuza kwa pumzi moja!"

Alikuwa anamsifu. Twyla aliisogeza ile simu mbali na sikio, na naapa kilichomshika hakikuwa hatia kwanza. Kilikuwa mshangao, ule wa mtu aliyeegemea ukuta na nyumba nzima ikasogea. Hatia ilikuja baadaye, na ilipokuja ilimlaza kitandani na viatu vyake.

Siku ya pili yake dukani aliingia Bi Nedra Pruitt, rafiki yake tangu utoto, mwanamke wa kunena lililo moyoni hata kanisani. Alikuja kuchukua keki ya mjukuu.

"Twyla, umemsikia yule mama wa redioni?" akaanza. "Mwenzangu, nimelia kwenye gari! Unajua mimi Gaskill nampenda, kanifundisha, kanitandika na rula. Lakini yule mama ana uchungu wa kweli. Huwezi kuigiza uchungu ule. Nimemwambia mume wangu, kama mama kama yule kakata tamaa, mimi ni nani?"

Twyla alimtazama rafiki yake wa miaka yote, aliyelala naye chumba kimoja wakiwa wasichana, anayemsimulia sauti yake mwenyewe na haijui. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Bi Nedra akangoja, kwa adabu, jinsi alivyofundishwa, mpaka Twyla akatikisa kichwa na kumpa keki yake.

Jioni ileile akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta jikoni amekunja suruali, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, malengelenge kila kidole. Mbwa wake mzee alikuwa amelala chini ya meza. Twyla alikuwa ameandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, maana bila karatasi angekesha. Akaikunjua, akavuta pumzi, akaanza kusoma: "Mwalimu, nimekuja kukuomba msamaha kwa jambo ambalo..."

Ikatoka ile sauti. Ileile, ya huzuni, iliyopangika, isiyo na mkwaruzo. Wote wawili waliisikia. Hata mbwa aliinua kichwa. Twyla aliikunjakunja karatasi ile, akaitupa kama iliyomuunguza, akakaa kwenye kiti na kujifunika uso.

"Nilikujua siku ya kwanza," Mwalimu alisema. "Kabla hujatamka neno. Unavuta pumzi, halafu unavuta tena kidogo juu yake. Hakuna mwingine Ohio anayevuta pumzi hivyo, nilikufundisha mimi."

"Mwa-Mwa-"

Akangoja.

"Mwalimu, ni-ni-nigombeze."

"Nimelisikiliza tangazo lile mpaka mbwa amenichoka. Mara ya kwanza niliumia, sitakudanganya. Mara ya pili nikasema ngoja, huyu ana 'watoto wetu wakaamka' mbele yake, hilo lina mitego mitatu, hapo atakwama. Hukukwama! Nikasikiliza tena. Hukukwama popote, Twyla. Nimekaa hapa na miguu yangu hii mibovu, mtu ananizika redioni, na mimi nawaza, Mungu wangu, mtoto huyu alikuwa hawezi kusema maboga."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Twyla alitamani ardhi ipasuke. Heri angempiga teke, lingemuuma kidogo kuliko sifa hizo. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema wahenga, lakini hawakusema utafanya nini kama uliyemletea janga anakusifu ulivyolibeba.

Ndipo alipoomba. Ilimchukua muda mrefu na Mwalimu hakumsaidia hata silabi. Alimwomba dakika zake za chakula cha maharage.

Hapa kwetu kila Oktoba kikosi cha zimamoto hupika maharage. Magari ya moto hutolewa nje, masufuria ya chuma hutiwa moto tangu alfajiri, na ukumbi hujaa meza ndefu, mkate wa mahindi, vitunguu vibichi na nyama ya nguruwe ya kukausha. Wagombea wote wa uchaguzi huja, kuanzia wa ngazi ya juu kabisa hadi anayeomba kazi ya kuzika mbwa waliogongwa barabarani, na kila mmoja hupewa dakika mbili tu, kwa sababu maharage yakipoa hayaliki. Mwenye kupitiliza hugongewa kengele ya ng'ombe. Desturi inamruhusu mgombea kumpa dakika zake mtu mwingine amsemee, ila hakuna anayefanya hivyo. Kwa asiye na pesa ya redio, hizo ndizo dakika mbili pekee watu watamsikiliza pamoja.

Mwalimu alitoa mguu mmoja majini, akaupangusa, akautoa na wa pili.

"Utaandika?"

"Ha-hapana. Ni-nikiandika a-a-atakuja yule ma-mama."

"Bila karatasi unaweza usimalize hata jina langu."

"Na-na-najua."

"Haya," Mwalimu alisema. "Chukua."

Ukumbi ulijaa siku ile mpaka watu wakakaa juu ya ndoo. Mpinzani alisema vizuri, nywele zimechanwa, akamaliza kabla ya kengele, akapigiwa makofi. Mwenye kengele alikuwa Bi Nedra. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake na alikuwa hapendelei mtu, aliwahi kumgongea kasisi. Mwalimu Gaskill akasimama akishikilia meza. "Dakika zangu," akasema, "nampa Twyla Hostetter." Akakaa.

Manung'uniko yakapita meza hadi meza. Twyla? Cherehani? Royce alimshika mkono mkewe, kisha akamwachia. Twyla akaenda mbele bila kitu mkononi.

"S-s-s-s," alianza.

Ikasimama hapo. Herufi moja. Uso ulimwiva, shingo ikatoka mishipa, jicho moja likafumba lenyewe. "S-s-s." Vijiko vikanyamaza. Wageni waliotoka mjini na wagombea walitazamana, mmoja akataka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akajikohoza. Watu mia kadhaa wenye njaa, sahani zinafuka moshi mbele yao, na hakuna aliyemmalizia. Waliegemea mbele kidogo, wote, kama watu wanaomngoja mtoto avuke mto kwenye mawe.

"Sauti," likatoka. "Sauti ile. Ya re-re-redioni. Ni ya-ya-yangu."

Ukimya ukavunjika. "Acha masihara, Twyla!" jamaa mmoja wa nyuma alipaza sauti, na watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa kutoamini tu. Yule mama na huyu? Bi Nedra alikuwa ameinua kengele, dakika zimekwisha, na hata yeye alitabasamu.

Twyla akafumba macho. Akavuta pumzi, akavuta tena kidogo juu yake, akaitazama ile karatasi ndani ya kichwa chake.

"Tulidhani tunamjua," alisema.

Haki ya Mungu, nywele zilitusimama. Ilitoka kamili, laini, bila ufa, ileile iliyotutoa machozi na kututia huzuni kwenye magari yetu wiki nzima, inatoka kwenye mdomo ule ule uliokuwa unapigana na herufi moja sasa hivi. Mtu aliangusha kijiko. Mwanamke mmoja alisema "Yesu wangu" na hakuwa analaani. Mkono wa Bi Nedra ulibaki hewani, mdomo wazi, anamtazama rafiki yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza na wakati huohuo anamkumbuka mwanzo hadi mwisho.

"Ha-ha-hayo ni-niliandikiwa," Twyla akasema, na kigugumizi kikarudi chote, kikali kuliko mwanzo. "Si-si-sikujua ni ya-yake. Haya na-na-nasema mwe-mwe-mwenyewe." Jasho lilimtiririka. "Paa li-li-lilikuwa li-linaanguka. A-a-alishika nga-ngazi. Mi-mi-mimi sikuwa na ma-ma-maneno. A-alinipa. Nami nika-nika-"

Hapo akakwama kwelikweli. Dakika mbili zilikuwa zimekwisha zamani, na tatu, na nne. Bi Nedra akaishusha kengele, akaishika ulimi wake isilie, akaiingiza ndani ya aproni.

"Nika-nikamgeuzia," Twyla akasema, akarudi kukaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyejua kama inafaa. Maharage yalipoa na yaliliwa hivyohivyo, na mpinzani mwenyewe alipita mezani kwa Mwalimu akampa mkono.

Bila shaka mtu alikuwa ameinua simu. Dunia ya leo huwezi kukohoa peke yako. Kufika asubuhi video ilikuwa imekwisha kwenda Oregon na Texas na kwingine ambako hakuna anayejua Pell Fork iko wapi. Mamilioni waliitazama. Watu wazima wakaandika kwamba wamelia kazini. Wenye vigugumizi wakajirekodi, mmoja baada ya mwingine, wakisema majina yao. Pesa kidogokidogo zikaanza kumfikia Mwalimu kutoka kwa watu asiowajua, za kutosha kununua nafasi redioni, ila hakukuwa na nafasi iliyobaki. Marafiki wa Kesho walikuwa wameshaichukua yote. Twyla aliendelea kusikitika hewani mara kwa mara kutwa nzima, asubuhi watoto wakienda shule na jioni wakirudi, na wengi waliomsikia hapo hawakuwa wameona video, au waliiona wakadhani ni mambo ya mahali pengine.

Mwalimu alishindwa. Kituo cha kura cha pale ukumbi wa zimamoto alikichukua karibu chote, kura zikawa za kushangaza mpaka msimamizi akazihesabu tena. Kwingine hakukuwa na ukumbi wala maharage, kulikuwa na redio tu, na huko kote alianguka.

"Wangekuwa wanapigia kura huku wale wa Oregon," Royce alisema, "saa hizi tungekuwa tunakuita Mheshimiwa."

"Wangeniona magoti wangeghairi," Mwalimu akajibu.

Hiyo ilikuwa siku chache baada ya kura, mezani kwa Twyla. Mwalimu alikuwa amekuja kula pai ya maboga na hakuonekana mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa amelala usingizi, alisema, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Twyla bado hakuweza kumtazama usoni kwa muda mrefu. Alikuwa anamkatia kipande cha pili simu ilipolia. Kip. Akaibonyeza isikike na wote, mikono ina unga.

"Dada Twyla! Usiseme kitu, nisikilize tu. Nimeiona ile video kama dunia nzima. Uchaguzi ujao tuna kiti cha ugavana, dada, na wenye pesa hawataki tena yule mama. Wamechoka naye, watu wameshamzoea. Wanakitaka kile kingine. Kile kigugumizi! Watu wanakiamini, tumewahoji, hakuna sauti nchi hii inayoaminiwa hivyo. Nimeshaandikisha maneno. Tumekuwekea na alama pa kukwama, wewe unafuata tu. 'Ni-ni-ninamwamini.' Unaona? Sema bei."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Royce alitua kikombe. Mwalimu alibaki na uma hewani, macho yamemtoka. Waliona ukubwa wa biashara ile kwa mara ya kwanza, wote watatu: mnyama asiye na chuki na mtu, asiye na chama, anayekula chochote utakachomtupia, hata jiwe ulilomrushia.

"Ha-" Twyla alianza.

"Naongeza," Kip akasema.

"Ha-ha-"

"Mara mbili, dada. Mara mbili!"

Royce alifumba macho. Mwalimu aliweka uma chini, akaiweka mikono yake mapajani, akamtazama mwanafunzi wake bila kumsaidia. Twyla alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakukuwa na karatasi mbele yake. Neno lilikuwa hapo, kooni, likisukumana, na alilitaka kwa nguvu zote.

"Ha-ha-ha-hapana," alisema.

Kisha sauti ya Kip ikarudi, ya chini, imejaa heshima ya kweli kabisa, sauti ya mtu aliyeona kitu kitakatifu.

"Hiyohiyo," alisema. "Jamani, hiyohiyo! Dada yangu, hebu irudie hivyohivyo, nakurekodi."

Twyla alikata simu. Ikalia tena palepale, ikatetemeka juu ya meza kati ya sahani za pai, na wote watatu wakakaa wanaitazama.